Chubwi na Kifungo cha Mwisho

Nina habari, na ulimi unaniwasha. Natamani nianzie mwisho, lakini wacha nianze na dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Kwa wiki anashona hata vifungo mia. Binti yake ana miaka saba, na hawezi kufunga hata kimoja. Tulimwita Chubwi, maana kila akishika kikombe, chubwi, chai iko chini. Tulicheka sana, na mimi nikiwemo.

Siku moja darasani walibadili nguo za michezo. Wenzake wakamaliza, yeye akabaki shati wazi. Wakamzomea. Kesho yake akagoma kwenda shule, na keshokutwa pia.

Bibi akasema huo ni uvivu tu. Dada akazidi kumvalisha, apate kuwahi. Mimi, na chuo changu chote, sikujua kitu.

Mwalimu wake ndiye aliyetuelekeza hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama yule alimtaka Chubwi adake mpira, aruke kwa mguu mmoja, atembee juu ya mstari. Kisha akatuambia si uvivu, na akili yake ni nzima. Ila mwili wake unachelewa kushika mambo, kwa hiyo anahitaji mazoezi mafupi ya kila siku, tena kwa mchezo.

"Na vifungo?" dada akauliza.

"Nani humfungia?"

"Mimi."

"Basi anza wewe, amalize yeye. Penyeza kifungo nusu, yeye akivute. Akizoea, mwachie na kupenyeza. Anzeni mwisho, mama."

Dada akashona vifungo vikubwa vya koti kwenye kitambaa. Mimi nikachora mstari wa chaki sakafuni. Bibi akajaribu kuupita, akayumba kama mlevi.

"Bibi, acha uvivu," mjukuu akamwambia.

Miezi mitatu ikapita, na machozi hayakukosekana. Leo asubuhi kafunga vifungo vyote vitano, peke yake! Alikosea tundu moja, shati likaenda kombo. Dada akanyoosha mkono arekebishe. Fundi ni fundi. Kisha akaurudisha, akaukumbatia kifuani.

"Nenda, mwanangu. Umependeza."

Akatoka mbio. Nikamwita, "Chubwi, umesahau mkoba."

Akarudi, akauvaa mgongoni taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili. Akanitazama.

"Mama mdogo, Chubwi ndiye nani?"

Akaenda zake shule.