Vitone Nilivyovifuta

Kila Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, nilikuwa nimeshaegesha baiskeli yangu nje ya nyumba ya pampu, ovaroli mwilini na nywele nimezifunga kitambaa. Kwa Bibi Baukje hakuna kuchelewa. Alitengeneza matrekta miaka arobaini kabla ya kustaafu, na sasa ndiye aliyewaongoza watu wa kujitolea wa kijiji chetu cha Friesland kuifufua injini kuukuu iliyokuwa ikisukuma maji ya mvua kutoka mashambani hadi mferejini. Saa nne tulikunywa kahawa kwa biskuti moja moja. Ukinyoosha mkono kuchukua ya pili, anafunga kopo.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Babu yangu, Mzee Durk, ndiye aliyeiendesha injini ile mpaka siku ilipozimwa. Sasa alikuwa na miaka themanini na sita, anaishi kwenye nyumba ya wazee, na moyo wake ulikuwa umechoka. Kila nilipomtembelea aliniuliza swali lilelile.

"Jildou, bado haijaunguruma?"

"Bado kidogo, Babu."

"Fanyeni haraka basi. Mimi si chuma."

Mwezi Agosti, Bibi Baukje alinipa kazi ya kusafisha beringi tatu za shaba zinazobeba shafti kuu, mhimili unaozungusha pampu. Kila beringi ina vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyozoeana kwa miaka mingi. Ukivichanganya havikai sawa, shafti inapata moto na kukatika.

"Kitambaa na mafuta ya taa tu," alisema. "Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

Kusikia nilisikia. Lakini binamu yangu Hylke alikuwa kando yangu akisugua kifuniko cha shaba mpaka kikawa kama kioo.

"Zako zimefubaa kama sufuria za kambini," alinicheka. "Babu akiziona atalia, tena si kwa furaha."

Nilipandwa na hasira, nikachukua msasa. Nilisugua mpaka mabega yakauma. Vipande vyote sita viling'aa, nikavirundika mezani na kuviangalia kwa majivuno.

Ndipo Bibi Baukje akaita kutoka upande wa pili, "Jildou, niletee ile yenye vitone viwili!"

Vitone! Mafundi wa zamani walikuwa wamegonga vitone vidogo ubavuni mwa kila kipande: kimoja kwa beringi ya kwanza, viwili kwa ya pili, vitatu kwa ya tatu. Bila vitone hujui kipande kipi ni mwenza wa kipi. Nilivigeuzageuza vyote. Sikuona hata kitone kimoja, msasa ulikuwa umevimaliza.

"Dakika moja, Bibi!"

Nikashika nyundo na msumari mgumu, nikagonga vitone vipya kwa kubahatisha, kisha nikavipaka grisi ili upya wake usionekane. Hylke aliniona.

"We Jildou! Unafanya nini?"

"Nyamaza, Hylke. Tafadhali."

Alinyamaza, na siku hiyo hakunitania tena.

Kwa wiki tatu usingizi ulinipaa. Shafti ilirudishwa mahali pake, gurudumu kubwa likafungwa, siku ya kuwasha ikapangwa. Nilijiambia labda nimepatia. Nilitaka sana iwe hivyo.

Siku hiyo kijiji kizima kilikuja. Bibi Baukje alikuwa ameoka mkate wa sukari. Babu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa suti na tai, viatu vimepigwa rangi. Alinishika mkono.

"Leo naisikia, mjukuu wangu," alininong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Bibi Baukje akaishika valvu ya kuwashia.

"Usifungue!" nilipiga kelele. "Bibi, usifungue! Vile vitone ni vya uongo. Nimevigonga mimi!"

Nikaeleza yote, nikilia kwikwi. Bibi Baukje aliiachia valvu polepole, uso umemwiva.

"Unajua kwamba shafti hii ikikatika hatupati nyingine?"

"Najua, Bibi."

"Na umelijua jambo hili tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Nikamgeukia Babu. "Nisamehe, Babu. Nimekuharibia siku yako."

Babu alilegeza tai yake taratibu, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akamwambia Bibi Baukje, "Itoeni shafti. Nileteeni rangi ya buluu. Beringi zangu nazijua, tutazitambua upya."

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi nne. Mimi na Hylke tulipaka shafti rangi, tukaweka kipande, tukazungusha. Kipande kilichorudi na rangi kote kilikuwa cha mahali pale. Kilichoguswa pembeni tu si chenyewe. Babu alitusimamia kutoka kwenye kiti chake.

"Si hicho! Hayo macho mmewekewa pambo?"

Tukagundua kwamba vipande viwili nilikuwa nimevibadilisha. Tungeiwasha siku ile, shafti ingekatika.

Jumamosi iliyofuata injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikaunguruma mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Babu alifumba macho, akawa anapiga goti lake kufuata mapigo ya injini. Nililia tena, safari hii bila aibu.

Bibi Baukje alinivuta nje.

"Nisikilize, Jildou. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kuharibu kitu, mimi wa kwanza. Ulisugua kupita kiasi kwa sababu uliipenda kazi. Ungeniambia palepale, ningekugombeza, tukanywa kahawa, yakaisha. Ila kuficha ndiko kulikotaka kutuvunjia shafti, na kumemnyima babu yako wiki ambazo hana nyingi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Ndiyo, Bibi. Nitasema."

Babu alituacha mwezi Januari. Aliisikia injini yake Jumamosi kumi na moja. Zingekuwa kumi na sita.