Mdogo Wangu Alijifanya Mke wa Mtu, Leseni Iliyofutwa Ikawa Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne. Kwetu ni Embu, upande wa Runyenjes, lakini riziki yangu nimeitafutia Meru mjini tangu nikiwa msichana. Saa hizi mnaposoma haya niko chini ya jengo moja karibu na Majengo, napimia watu maharagwe na ndengu kwa gorogoro. Juu yangu, ghorofa ya kwanza, kuna dirisha lililokuwa la ofisi yangu. Siku hizi ni la kinyozi.

Watu hupita hapa wakinong'onezana, "Si huyu ni yule Wawira wa mashamba?" Wanadhani sisikii. Ndiyo, ni mimi. Na kama una ndugu unayempenda kiasi cha kumfungulia kila mlango wako, tafadhali nisome hadi mwisho.

Nilifanya kazi miaka mingi chini ya wakala mmoja mzee hapa Meru. Nilionyesha watu nyumba za kupanga, nilikusanya kodi, nilipanda milima na wateja kuangalia mashamba mvua ikitunyeshea. Yule mzee alipostaafu, niliamua kuomba leseni yangu mwenyewe.

Katika nchi hii huwezi kuamka asubuhi ukajiita wakala wa mashamba na majumba, ingawa wengi hufanya hivyo. Kuna tume ya serikali inayosajili mawakala. Inataka kujua umesoma wapi, umefundishwa kazi na nani, na kama watu wanakuamini. Ikiridhika inakuita uhojiwe. Ukipita, unapewa leseni yenye jina lako, na kila mwaka unaiomba upya. Mteja akilalamika, tume hiyo hiyo inakuita ujieleze, na inaweza kukunyang'anya.

Nilinunua suti ya kijivu, nikaenda Nairobi kuhojiwa. Katika lile jopo alikuwapo mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti lakini macho yake hayakubanduka usoni pangu. Akaniuliza, "Mwanamume akikuletea shamba umuuzie, na mke wake hajui, wewe utajuaje?"

Nikamjibu nilivyofundishwa na yule mzee wangu. Kwamba mimi siuzi shamba kabla sijafika kwenye boma, nikaingia jikoni kwa mwenye nyumba, nikanywa chai yake. Mwanamke akikukaribisha chai jikoni kwake, mtaongea, na utajua kama shamba linauzwa kwa hiari au kwa ujanja. Yule mama alitabasamu. Nilipita.

Sasa hapa ndipo balaa ilipoanzia, na ilianzia kwa furaha...

Ada na gharama za kufungua ofisi sikuzimudu peke yangu. Familia ikafanya harambee. Mama yangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa, wajomba wakachanga, hata majirani. Leseni ilipotoka niliipeleka Embu. Ilizungushwa nyumba nzima mkono kwa mkono, pasta akaiwekea mikono, mama akalia. Akasema, "Hii ni yetu, Wawira. Mungu ametupea hii sisi wote."

Nilicheka, nikasema amina. Kumbe walikuwa wamesema kwa dhati! Kwao ile leseni ilikuwa kama posho mill ya familia. Ikishanunuliwa, kila mtoto wa nyumba anabeba debe lake la mahindi, anakuja kusaga.

Haukupita muda mama akanipigia simu kuhusu Muthoni. Muthoni ni kitinda mimba wetu. Baba alipofariki alikuwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni wakati mama akichuma chai. Chuo kilikuwa kimemshinda, alikuwa tu nyumbani. Mama akasema, "Huyo naye aingie kwa ile leseni, ajisaidie."

Nilimchukua. Nilimpangishia chumba, nikamnunulia viatu vya heshima, nikamketisha kwenye meza ya mbele. Na sitadanganya, wateja walimpenda. Ana mdomo mtamu, anacheka kwa urahisi. Nilimweleza waziwazi kwamba anaweza kupokea wageni na kuwaonyesha nyumba, lakini kuuza shamba ni mimi, kwa sababu tume imenijua mimi. Alikuwa akiitikia, "Sawa, Siz," huku akipaka kucha rangi.

Kisha mama akaugua. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo Embu, na nani wa kukaa naye? Ni mimi, maana ndugu zetu wengine wako mbali. Nilimwachia Muthoni funguo na muhuri wa ofisi. Nilikaa hospitalini mpaka nguo zikanipwaya. Kila nikimpigia simu, Muthoni alisema kazi iko sawa, nimtunze tu mama.

Nilirudi Meru nikiwa nimechoka lakini na moyo mwepesi kwa kuwa mama alikuwa amepona. Asubuhi ile ile akaingia ofisini mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, viatu vyake vya gambuti vina udongo mwekundu. Alikataa kiti. Akaniambia, "Nimekuja kuona Nkirote."

Nikamwambia hatuna mtu wa jina hilo.

"Nkirote ni mimi," akasema. "Nimetoka Muthara. Lakini naambiwa kuna Nkirote mwingine anafanya kazi hapa."

Sikuelewa. Wakati huo huo Muthoni akatokea chumba cha nyuma na kikombe cha chai mkononi. Alipomwona yule mama, alikiweka kikombe juu ya meza polepole sana, akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

Mliouza ardhi mnajua. Mwenye shamba hufika mbele ya bodi ya ardhi ya eneo lake akiwa na mke wake, na mke huulizwa pale mbele ya wazee, kwa mdomo wake, kama amekubali. Hiyo ndiyo kinga ya mwanamke. Mume wa Nkirote, mtu anayeitwa Kaberia, alikuwa anauza shamba lao la miraa. Nkirote alikataa katakata, maana ile miraa ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wao. Basi Kaberia akaja Meru kutafuta wakala, akamkuta mdogo wangu mezani.

Muthoni hakwenda Muthara kunywa chai jikoni kwa mtu. Alivaa leso na kitambaa cha kichwa, akaazima mtoto wa jirani yake wa ploti alikopanga, akasimama mbele ya bodi kando ya Kaberia akasema yeye ndiye Nkirote, na kwamba amekubali shamba liuzwe. Kitambulisho walikipataje? Mpaka leo sijaambiwa. Na kwenye karatasi za mauzo, wakala aliyesimamia ni mimi, kwa muhuri wangu, nikiwa Embu namlisha mama uji kwa kijiko!

Mnunuzi alikuwa dereva mstaafu, mtu mwaminifu wa kanisa letu, aliyekuja kwa sababu ya jina langu. Alitaka kujenga. Akaleta vijana na misumeno ya injini. Nkirote alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta miti ya miraa iliyopandwa na babu wa mumewe imelazwa chini, majani bado mabichi.

Alinisimulia hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Kaberia alikuwa ameshatoweka na pesa, wengine wakisema yuko Isiolo, wengine Moyale.

Nkirote alipoondoka nilifunga mlango, nikamuuliza Muthoni kwa nini. Mnajua alinijibu nini? Hakupiga hata goti.

"Siz, usinipigie kelele. Kaberia alisema atanioa. Sasa kusema mimi ni bibi yake ilikuwa uongo gani mkubwa? Na leseni si ni yetu? Mum aliuza ng'ombe!"

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilikaa sakafuni. Alikuwa na mimba ya yule mtu. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, na sasa nilikuwa namtazama nisimjue.

Nkirote na yule dereva walipeleka malalamiko kwa tume, na walikuwa na haki. Niliitwa nikajieleze. Nilikuwa nimeamua kusema kila kitu jinsi kilivyokuwa. Lakini jioni moja mama akaja Meru, bado anatembea ameshika tumbo, akaketi kwenye kitanda changu.

"Wawira, wewe umekula dunia kidogo," akaniambia. "Umeendesha ofisi, watu wamekuita madam. Huyu hajapata kitu. Ukisema ni yeye, watamfunga na mimba. Nitakufa nikiona hiyo. Wewe sema makosa ni ya ofisi. Watakuonya tu, watakurudishia."

Wasomaji, mngefanya nini? Mama uliyemwosha kidonda kwa mikono yako amekaa kitandani pako anakuomba hivyo... Nilimkubalia. Nilijiambia nitabeba lawama, nitafungiwa muda mfupi, nitarudi. Nilimpenda mama kuliko ukweli, na hilo nalisema bila kujificha.

Siku ya kikao nilienda Nairobi peke yangu. Nilitafuta ile suti ya kijivu nyumba nzima, sikuiona, nikavaa sketi ya kanisani. Katika jopo, katikati kabisa, alikuwa yule mama wa miwani.

Aliniuliza kama nilifika kwenye shamba. Nikasema sikufika. Akauliza ni nani aliyesimama mbele ya bodi ya ardhi akijiita Nkirote. Nikasema, "Ofisi ni yangu. Makosa ni yangu." Akauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayekupa nafasi ya kujiokoa. Nikarudia vile vile. Nkirote alikuwa ameketi nyuma yangu na nilisikia akiguna.

Kisha wakasema wana shahidi. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Muthoni, tumbo mbele, amevaa suti yangu ya kijivu bila kuifunga vifungo. Nyuma yake aliingia mama yetu.

Muthoni hakuniangalia. Alilia vizuri, kwa kitambaa. Akasema ndiyo, ni yeye aliyesimama mbele ya bodi, lakini alifanya alivyotumwa na dada yake mkubwa, kwa sababu ni dada aliyekuwa akimlisha na kumlipia nyumba. Akasema nilimpigia simu nikiwa hospitalini nikampangia kila kitu. Akaomba asamehewe kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

Niligeuka kumtazama mama. Nilidhani atasimama apinge. Kitanda changu ndicho alichokalia, mimi ndiye niliyekuwa kando yake siku zote zile hospitalini, alijua sikupanga lolote! Mama alikuwa anakunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Ndipo nikaelewa kwamba waliyapanga haya kabla hajaja kuketi kitandani kwangu.

Nilijaribu kusema ukweli wakati huo. Lakini nani angeniamini? Mara mbili nilikuwa nimesema makosa ni yangu.

Yule mama wa miwani alivua miwani, akaiweka chini. Akaniambia, "Wewe uliniambia hapa ungeenda jikoni kunywa chai ya mwenye nyumba. Nilikukumbuka kwa maneno hayo." Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Leseni ilifutwa, na bado yule dereva ananidai mahakamani. Mauzo yalivunjwa, Nkirote akabaki na shamba lake, lakini shamba la visiki litasomesha nani? Miraa ya zamani hairudi kwa kupanda miche leo. Muthoni hakufungwa. Alionekana kama mtoto aliyepotoshwa na mkubwa wake, akaenda Embu kwa mama akajifungua msichana. Suti yangu hajairudisha.

Hivi majuzi simu ililia nikiwa hapa na gorogoro mkononi. Ilikuwa mama. Alinisalimia kana kwamba tuliachana jana kanisani. Akasema Muthoni amekomaa, amerudi chuo akamaliza kozi ya majumba na ardhi, sasa anataka kupeleka maombi yake kwa tume. Lakini wanataka mtu aliyemfundisha kazi aseme yeye ni mtu wa kuaminika.

"Ni wewe tu ulimfundisha," mama akasema. "Mwandikie maneno mawili. Yeye ni damu yako."

Nilimsikiliza hadi mwisho. Mbele yangu alikuwa amesimama mteja akingoja maharagwe, na mteja huyo, amini usiamini, ni Nkirote. Huja kununua kwangu kila akija mjini. Sijui ni msamaha au ni kutaka kuniona tu nilivyo, sijawahi kumuuliza. Anajua nilificha ukweli siku ile, na bado anakuja.

Nikamwambia mama, "Mwambie Muthoni aende Muthara kwanza. Aingie jikoni kwa Nkirote, aseme jina lake la ukweli, anywe chai. Nkirote akinipigia akaniambia amempa kikombe, hiyo siku nitaandika."

Mama alikata simu. Hajapiga tena, na Muthoni hajaonekana Muthara. Nkirote aliyasikia yote. Alifungua tu mfuko wake nimimine maharagwe.

Wewe uliye na leseni, cheo, au hata duka lenye jina lako, nakuomba. Saidia nduguzo kwa chakula, kwa karo, kwa mgongo wako ukitaka. Usimwachie mtu muhuri wako kwa sababu mlinyonya titi moja. Na siku ukiitwa kujieleza, sema ukweli mara ya kwanza unapoulizwa, hata kama mama yako ameketi nyuma yako analia. Mimi nilisubiri, na sasa nina mama aliye hai Embu ambaye siwezi kwenda kumsalimia.