Dawa ya Bosi wa Moto

Saa sita mchana, Jumamosi, Fahim alisimama katikati ya mafungu ya nyanya pale soko la Nakasero akiipigia simu yake kelele. "Mpige! Mpige, we!" Wauzaji walidhani ana wazimu. Hakuwa nao. Alikuwa kwenye gemu ya kukusanya mazimwi, anapigana na bosi wa moto, na alikuwa anachapwa vibaya.

"Kaka, unampiga wa moto kwa moto?" sauti ilimuuliza begani.

Aligeuka. Msichana alikuwa amejifunga gurbaba ya zambarau, lile vazi la Kinubi, kikapu kiwikoni, simu mkononi, na harufu yake ya udi ilizishinda nyanya zote.

"Si wanasema dawa ya moto ni moto?" Fahim alijitetea.

"Waliosema hawakucheza gemu hii. Una zimwi gani la maji?"

"Ninaye chura mmoja. Aibu tupu, hana nguvu."

"Mlete huyo. Bosi humchagulii mwenye nguvu, unamchagulia anayemwezea."

Chura akaingia uwanjani, na wa msichana pia. Bosi alizimika sekunde za mwisho. Fahim akarukaruka kwa furaha hadi fungu la nyanya likaporomoka. Waliziokota pamoja, mwenye nyanya akiwatukana kwa Kiganda, nao wakicheka.

Aliitwa Rahmah, Mnubi wa Kyebando, na maneno hayakumwishia mdomoni. Miezi minane simu zao hazikupoa.

"Umekula, chura wangu?"

"Bado, asali. Nangoja uje unilishe."

"Basi shinda na njaa. Kwanza uje kwa Baba."

Hapo ndipo penye kazi. Mzee Nasif, sajini mstaafu, alikwisha kuwafukuza wachumba wawili, na wa tatu alikuwa amemchagua mwenyewe, amwoze Rahmah baada ya Idi.

"Sikiliza, Fahim," Rahmah alimwambia. "Baba ni moto. Usimletee wa kelele. Mlete bibi yako, ndiye aliyemfundisha Baba madrasa."

"Bibi Maimunah? Anasinzia katikati ya salamu!"

"Fahim, mlete Bibi."

"Kale, nimesikia."

Hakusikia ng'o. Alimpeleka Mjomba Zubairi, suti ya kijivu, miwani myeusi, gari lenye honi ya kuamsha wafu. Mjomba alikaa kabla ya kukaribishwa, akaanza kutaja majumba yake. Mzee Nasif akapandisha sauti. Mjomba akapandisha zaidi. Chai haijapoa, wageni walikuwa nje ya geti, na kofia ya Mjomba ikawafuata.

"Baba nimeshamzoea," Rahmah alisema kwenye simu. "Lakini nikiolewa na mtu asiyenisikia, nitaongea na nani miaka arobaini?"

Akakata, akamfungia namba. Wiki tatu Fahim hakugusa rolex, chapati yake ya mayai, wala pilau. Alikonda mpaka ikawa kanzu ndiyo inayomvaa yeye. Mwisho akaenda kupiga magoti kwa bibi yake.

"Nasif?" Bibi Maimunah aliuliza. "Yule mruka aya? Nipe mkongojo wangu."

Safari hii waliingia taratibu. Mzee Nasif alikuwa amefungua mdomo kufoka, akamwona kikongwe mlangoni. Akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Mwalimu!"

"Kaa, mwanangu. Bado unaruka aya?"

"Siruki tena, Mwalimu," alijibu sajini, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Robo saa haikuisha, mzee amekubali, na yule mchumba wa tatu hakutajwa tena. Likabaki moja: binti mwenyewe aulizwe, na kwa desturi, mwari akinyamaza ndiyo ameridhia. Rahmah akaletwa, gurbaba ya kijani, macho makavu.

"Umeridhia kuolewa na Fahim?" Bibi aliuliza.

"Nina neno."

"Banange!" Mama yake akashika kichwa.

"Huyu nilimwambia nini mara ya kwanza?"

"Nimlete Bibi," Fahim alijibu.

"Ukafanya nini?"

"Nilijifanya najua. Nilikosa, Rahmah. Wiki tatu bila sauti yako zimenitosha. Nakupenda." Mzee Nasif akakohoa, lakini kijana hakugeuka. "Ukiwa na jingine liseme, nasikiliza. Hata tukeshe hapa."

Rahmah alimtazama, machozi yakimlengalenga. Bibi Maimunah akamuuliza mara ya pili.

Rahmah akainamisha uso, akanyamaza.