Aliyejibu kutoka Stoo

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana aliyeyaona haya ni dada yangu wa tumbo moja, na yeye si mtu wa kuamini uchawi. Ni fundi wa kompyuta. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio kazini, ana watoto wawili shuleni, na bosi alishamwambia waziwazi: "Hizi kompyuta zikiendelea kuchelewa mpaka Ijumaa, tutaagana."

Tatizo lilikuwa moja. Ukifungua dirisha la kuandikia amri, linakaa tupu sekunde arobaini. Kompyuta zote ishirini.

Alhamisi asubuhi akapata chanzo. Fundi aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kuweka zana za kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe badala ya seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Akaandika mstari mmoja kwenye faili la kuanzia la kila kompyuta ya ofisi: kila dirisha, kabla halijafunguka, likaulize kwanza kwenye kompyuta yake. Fundi huyo alishafariki, na kompyuta yake ikatupwa stoo. Kumbe zote ishirini zilikuwa zikimwita marehemu, zikisubiri, zikikata tamaa.

Dada alicheka peke yake. Dawa ilikuwa kuufuta mstari ule tu. Kabla hajaufuta, akafungua dirisha mara ya mwisho apime muda.

Likafunguka papo hapo.

Akajaribu kompyuta ya pili. Papo hapo. Ya tatu. Katibu muhtasi akapiga makofi: "Fundi, una mkono wa baraka wewe!" Dada hakuwa amegusa kitu. Marehemu alikuwa ameitika.

Saa sita mchana akamwomba mlinzi amfungulie stoo.

"Waya niliuchomoa mwenyewe, dada," mlinzi alinong'ona. "Na humu hakuna umeme."

Mashine ilikuwa sakafuni, haina waya hata mmoja. Dada akaweka kiganja cha kulia juu yake.

Ya moto.

Akavuta mkono. Haukutoka. Ulikuwa umeshikwa, anasema, kama na mtu anayekusalimia na hataki uende. Mlinzi alimvuta kiunoni mpaka wakaanguka wote wawili.

Ijumaa alipewa ajira ya kudumu. Alisaini kwa mkono wa kushoto. Ule mstari hajaufuta mpaka leo, na nikimuuliza kwa nini, anakunja ngumi mkono wa kulia. Kiganja hicho nimekishika mwenyewe. Kina alama za vidole vitano, virefu kuliko vyake. Saa mbili asubuhi, kompyuta za ofisini zinapowashwa, alama hizo hupata joto, hata akiwa likizo nyumbani kwangu.