Hesabu Iliyoingia kwa Mikono

Jumapili baada ya misa, wageni wakifika nyumbani kwa Laurent, mtaa wa Bel-Air, hawakuanza kwa kupewa kinywaji. Walianza kwa kumsikiliza Sephora. Laurent alimsimamisha binti yake juu ya kiti, akakohoa kidogo, kisha akasema, "Anza!"

Sephora alikuwa na miaka sita. Alianza: "Un plus un, deux. Un plus deux, trois..." Alishuka ukurasa mzima kwa Kifaransa bila kumeza mate. Wageni walipiga makofi. Laurent, fundi wa magari, alivimba kifua mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada.

"Huyu njo mutoto wangu," alisema. "Iko na kichwa!"

Mke wake, Delphine, alifurahi pia. Lakini kuna jambo lilimsumbua moyoni. Kila Jumatatu asubuhi Sephora alisema tumbo linamuuma. Na siku moja Delphine alimwambia, "Tuko bantu tano. Leta sahani, kila mutu na yake." Mtoto alileta nane. Alipoulizwa kwa nini, alizirudisha zote kabatini.

Mwezi wa tatu, Sephora alirudi na daftari lenye wino mwekundu. Alikuwa amepata mbili juu ya kumi. Mwalimu wake, Madame Gaëlle, aliandika chini: Sephora haelewi kujumlisha na kutoa. Akibaki hivi mpaka mwezi wa sita, atarudia darasa la kwanza.

Laurent hakulala vizuri. Kesho yake alikwenda shuleni na hasira zake zote.

"Madame, mutoto wangu anajua ile yote! Bantu ya parokia nzima balimusikia!"

"Papa, niliuliza maswali yale yale," alijibu Madame Gaëlle kwa upole. "Lakini nilianzia katikati ya ukurasa."

Hasira za Laurent zilishuka. Alielewa. Sephora alikuwa amejifunza wimbo. Ukimkata katikati, wimbo wote unapotea. Na nani alimfundisha wimbo huo? Baba yake, akishika rula mkononi. Mtoto akitaka kuhesabu kwa vidole, rula ilishuka juu ya vidole. "Vidole ni ya bavivu," Laurent alizoea kusema.

Delphine aliposimuliwa hayo, hakungoja. Mchana ule alimwita jirani yao, Mama Kangwa, aliyefundisha watoto wadogo wa maternelle, yaani chekechea, kwa miaka ishirini na miwili. Mama Kangwa alikuja na kikombe cha mahindi makavu. Alitandika mkeka penye kivuli cha ukuta, akamkalisha Sephora karibu naye.

Laurent alisimama pembeni, mikono kifuani.

"Mama, huyu iko première primaire. Munamurudisha ku maternelle?"

"Papa Sephora, kijana akikuya ku garage kujifunza, munamupatia nini kwanza?"

"Namupatia clé ya kufungua boliti mu mukono. Afungue, afunge."

"Hamumufundishe kwanza kuimba majina ya bipande bya moteur?"

Laurent alicheka bila kupenda. "Ataimba nini? Motokari haiwaki na wimbo!"

"Bon. Hesabu nayo ni vile vile. Mukono unajua mbele, kichwa kinafuata. Na tutasema kwanza mu Swahili, luga ya nyumbani. Français itakuya nyuma."

Akamgeukia mtoto. "Weka mahindi tano hapa. Weka ingine tatu kule. Sasa sogeza yote pamoja. Iko ngapi?"

Sephora aliinua kidole ili ahesabu. Halafu alimwona baba yake, akaficha mkono nyuma ya mgongo. Mama Kangwa aliona.

"Leta mukono, mama. Vidole njo hesabu ya kwanza Mungu alitupatiaka."

Laurent aliangalia viatu vyake. Aliona haya, haya ya kweli.

Sephora aligusa punje moja moja. "Moya, mbili, tatu..." Mwishoni akasema, "Munane!"

Kabla ya kupongezwa, kuku wa Mama Kangwa aliruka ukuta, akakimbilia mkeka. Akameza punje moja, akameza ya pili. Delphine alimfukuza kwa kandambili, akimtukania kizazi chake chote. Watu wazima walikuwa bado wanapiga kelele wakati Sephora alipoinama na kugusa punje zilizobaki.

"Papa!" aliita. "Ilikuwa munane. Kuku alikula mbili. Inabakia sita!"

Hakuna aliyemuuliza.

Laurent alichuchumaa, akahesabu punje zilizobaki. Mwaka mzima, mtoto huyu hakuwa amempa jibu hata moja ambalo yeye mwenyewe hakumwekea mdomoni. Hili lilikuwa la kwanza, na lilikuwa sawa.

"Hii njo kutoa," alisema Mama Kangwa. "Kuongeza, unaleta pamoja. Kutoa, unaondoa, unaangalia yenye inabakia. Amejifunza yeye mwenyewe."

Tangu siku hiyo walifanya robo saa kila alasiri, si zaidi. Laurent alileta bulonge ndogo, boliti za magari, kutoka gereji, akaziosha kwa sabuni mpaka zikang'aa. Mama Kangwa alikata trei ya mayai ili ibaki na mashimo kumi. Sephora akitaka kujua nane na tano, alitia bulonge nane katika mashimo. Alichukua mbili kutoka zile tano, akajaza kumi. Tatu zilibaki nje. Kumi na tatu! Siku nyingine walipanga mistari miwili, bulonge saba juu na nne chini, moja ikitazamana na nyingine. Zile tatu zisizo na jozi zilionyesha tofauti.

Juma la kwanza Laurent aliharibu kazi. Sephora akifikiri kidogo tu, yeye aliropoka jibu.

"Papa Sephora," alisema Mama Kangwa, "mukamate mudomo. Akikosea, musilalamike. Mumwambie tu: nionyeshe."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushusha moteur. Lakini alijaribu.

Baada ya majuma machache, Sephora aliweka bulonge pembeni, akachora viduara. Akitoa, alivifuta kwa mstari. Baadaye aliandika namba na alama zake kando ya mchoro, na kuzisoma kwa Kifaransa. Mwezi wa tano alianza kukataa mchoro wenyewe, akahesabu kichwani. Tumbo la Jumatatu halikusikika tena. Rula Laurent alikuwa ameipeleka gereji.

Mwisho wa mwezi wa sita, Madame Gaëlle aliita wazazi kuchukua buletini za matokeo. Laurent alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu.

"Mbele niwapatie bulletin, Papa, musikilize," alisema Madame Gaëlle. "Sephora, mama alipika mikate kenda. Bageni balikula ine. Inabakia ngapi?"

Sephora hakuwa na bulonge wala karatasi. Aliangalia dari. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Laurent. Aliuma mdomo mpaka ukamuuma kweli.

"Tano," alisema Sephora.

"Unajua namna gani?"

"Niliona mikate mu kichwa. Nikatoa ya bageni, nikahesabu yenye ilibakia."

"Na mama akiongeza mbili?"

"Saba." Mtoto alimtazama baba yake, akatabasamu. "Lakini papa akirudi ku kazi, haitakuwa tena saba."

Madame Gaëlle alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu anapanda deuxième, darasa la pili, Papa. Na anapanda na miguu yake mwenyewe."

Laurent alichukua buletini iliyokunjwa, akaitia mfukoni. Njiani alimshika Sephora mkono, akasalimia hata watu asiowajua.

Delphine aliwangoja mlangoni, na Mama Kangwa kando yake.

"Anapanda?"

"Anapanda!"

"Alipata pourcentage gani? Ngapi juu ya mia?"

Laurent alisimama. Alitoa buletini mfukoni. Ilikuwa bado imekunjwa vile vile alivyopewa. Alimpa mkewe.

"Fungua weye," alisema. "Miye nilishaona."