Mlo wa Nje Mara Mbili kwa Mwezi

Foleni ya pai pale stendi ya mabasi ya Dundee, huko Uskoti, ilikuwa imemwagikia hadi mvuani, na Morven aliingia humo kufuata joto tu. Koti lake jekundu la mtumba lilinukia sabuni ya hoteli anakofulia mashuka. Kijana wa mbele yake, mwenye skafu ya kijani na miwani iliyojaa ukungu, aligeuka akamkanyaga.

"Samahani dada, sikukuona!"

"Na koti hili? Wewe miwani haikutoshi, tafuta fimbo."

Kijana akacheka mpaka akataka kumnunulia pai.

"Nimeshakula," akasema Morven, ambaye tangu jana alikuwa na chai tu tumboni.

Huyo ndiye Struan, karani wa kamati iliyokuwa ikibishana jijini ni ujira gani unamtosha mtu kuishi. Wakapendana haraka, kama watu waliochelewa. Kila walipotoka, Struan alikula, Morven akanywa maji. Hadi Jumapili moja Struan alipofungua friji ya Morven, akakuta nusu kitunguu.

"Mpenzi, unakula nini wewe?"

"Nakula mashavu yako." Akambusu. Struan hakucheka, na Morven akachoka kujificha. "Haya. Sinia za wageni zikirudi na mabaki, sisi wafuaji tunajipakulia. Msimamizi akijua, kazi imekwisha. Hii ni yetu wawili, sawa?"

"Yetu wawili."

Siku nne baadaye, katika orodha yake ya mahitaji, kamati ilifika kwenye mlo wa nje, yaani kula mkahawani: ni haja ya mtu au ni anasa? Mjumbe mmoja, mwenye mahoteli, akasema mfanyakazi hafi kwa kukosa mkahawa. Struan, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu, akasimama. "Mimi namjua mfuaji wa hoteli anayeshiba kwa mabaki ya wageni!" Kesho yake maneno hayo yalikuwa gazetini.

Mchana simu ya Morven ikalia.

"Mpenzi, tumeshinda! Mlo wa nje mara mbili kwa mwezi umeingia kwenye orodha. Ujira utapanda!"

"Wa nani?"

"Wenu! Na sikutaja jina, nakuapia."

"Dundee nzima inajua unatembea na mfuaji mmoja tu. Nimefukuzwa, Struan."

Alikuja mbio, skafu ikiburuzika, akamkuta anakunja nguo sandukuni. Dada yake anayeishi mji wa Arbroath alikuwa amempatia kibarua huko cha kukausha samaki kwa moshi.

"Usiende. Hamia kwangu, tuoane."

"Niwe mkeo au ushahidi wako?"

"Nilikuwa nakutetea!"

"Uliniuliza? Njaa ilikuwa yangu, Struan. Ukaiinua juu kama bendera, mimi nikabaki uchi."

Struan akalia wazi, bila kujifuta. Morven akamvua miwani, akaisafisha kwa ncha ya sweta, akamvisha tena taratibu. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuuma kuliko kazi.

"Mkutano ujao lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Niwekee kiti. Nitasema mwenyewe, kwa jina langu. Sasa sina tena kazi ya kufukuzwa."

"Na sisi?"

"Wewe kaa nyuma, ufunge mdomo. Ukiweza siku hiyo moja, tutaongea."

Akamsukuma nje polepole na kufunga mlango, kabla uso wake haujamsaliti.