Mlango wa Chumba Namba Nne

Mwizi aliubeba mlango wa chumba namba nne, akaacha ndani mifuko sita ya saruji. Inspekta Mochama aliitazama mifuko hiyo, kisha fremu tupu. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi, bila haraka. Kufuli lilikuwa sakafuni, bado limefungwa.

"Nani alikuwa akiishi hapa?"

"Hakuna mtu," alijibu Joash, mwenye ploti hiyo ya vyumba vya kupanga. "Ni stoo yangu."

"Stoo yenye pazia dirishani?"

Joash aligeukia saruji yake. Jirani wa chumba namba tano, Liz, alidakia.

"Ni Caren, afande. Alilipa kodi ya mwezi mzima. Siku ya tatu Joash akamfungia nje. Na huo mlango hajaficha. Enda sokoni."

Hiyo ilikuwa Agosti 1996, mjini Homa Bay. Caren alikuwa ameulaza mlango juu ya matofali, akapanga dagaa wa omena wa kuuza juu yake mchana kweupe.

"Umeutoa wapi huu?" Mochama aliuliza.

"Kwa Joash. Niliufungua mwenyewe, saa nne asubuhi."

"Unajua wizi ni kosa?"

"Nimeiba ya nani? Chumba haikuwa na mlango, ndio maana bei yake ilikuwa chini. Tulikubaliana nilete wangu. Uliza fundi."

Fundi Wangwe, seremala wa pale sokoni, aliinamisha mlango. Kwenye ukingo wa juu, kwa penseli, alikuwa ameandika jina la mteja wake: Caren.

Mochama alikasirika. Aliwarudisha wote kwenye ploti, mlango ukiwa umebebwa mbele.

"Joash, kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai. Sema ukweli."

Joash alimnyooshea Caren kidole. "Bwana yake alikufa, na amekataa kurithiwa na shemeji zake. Mjane kama huyo akilala hapa, chira, ile laana ya kuvunja mila, itashika wapangaji wangu wote. Niliona mkimfunga, hatarudi."

"Ploti kumi na moja nimezunguka," Caren alisema. "Kila mahali wananiuliza bwana kabla waniambie kodi. Sirithiwi, Joash. Na sihami."

"Kodi yake inaisha lini?" Mochama aliuliza.

"Mwisho wa mwezi," Joash alinong'ona.

"Basi toa saruji yako, halafu twende kituoni uandike maelezo."

Caren alitoa bisibisi kwenye kikapu, akaurudisha mlango, skrubu moja baada ya nyingine. Liz alimshikilia bawaba, chira au hakuna chira.

"Na mwezi ujao?" Joash aliuliza.

"Mwezi ujao," Caren alisema akiingia ndani, "utabisha hodi."